Mume Wangu Simpakii Kwenye Toroli

Daktari alisema kilo tano. Alisema huku anaandika, kama mtu anayekutajia idadi ya vidonge: kwa miezi sita ijayo nisibebe kitu chochote kinachozidi kilo tano. Diski moja ya chini kwenye uti wa mgongo ilikuwa imetoka mahali pake, inagandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguu wa kushoto. Nikamuuliza, na mtoto je? Akanyanyua kichwa. "Mtoto ana kilo ngapi?" Wiki hiyo hiyo Amani alikuwa amepimwa kliniki. Miezi tisa, kilo tisa na nusu. Daktari akarudi kwenye karatasi zake. "Basi mtafutie mtu wa kumbeba."

Huyo mtu akawa mama yangu. Alipanda basi Korogwe akiwa na begi moja, na ndani ya begi, juu kabisa, mbeleko. Kwetu mbeleko si kitambaa tu. Hata posa ikiletwa inatajwa, pamoja na mkaja, ili mama wa binti apewe fadhila ya mgongo wake. Mama alimfunga Amani kabla hata hajanywa maji ya safari. "Haya, mume wangu," akamwambia, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, "tukaone huu mji wenu."

Mji wetu ni Goba, upande wa mteremko. Kutoka getini kwetu hadi barabara ya lami ni kama mita 700, na sidhani kama kuna mita kumi zilizo tambarare. Kiangazi greda hupita likasawazisha. Masika yakija maji yanachukua kilichosawazishwa na kuacha makorongo, na sisi majirani tunayafukia kwa tulichonacho: tofali zilizovunjika, vigae, kokoto zilizobaki kwenye ujenzi wa mtu. Usafiri wa huku ni bodaboda, lakini mgongo wangu haukuziweza, na sikutaka mtoto mdogo namna ile apakatwe juu ya pikipiki. Kwa hiyo kliniki ni Mama, gengeni ni Mama, kupunga upepo jioni ni Mama, na Amani mgongoni.

Mama ana miaka 63. Siku moja nikiwa dirishani nilimwona amesimama katikati ya mlima, mkono mmoja umeshika ukuta wa jirani, mwingine umeshika goti. Alisimama muda mrefu. Alipoingia ndani nikamuuliza alikuwa anafanya nini pale. Akasema alikuwa anaongea na mtu. Hapakuwa na mtu.

Usiku ule nikamwambia baba Amani kwamba tununue kigari cha mtoto. Mama akasikia kutoka chumbani. "Mume wangu simpakii kwenye toroli," akasema. "Toroli ni la saruji."

Kigari cha kwanza nilikichagua vibaya, na sina wa kumlaumu. Nilikichagua kama mtu anavyochagua pochi. Kilikuwa cha kijivu, chembamba, kilo sita tu, kinakunjwa kama mwavuli. Dukani sakafu ilikuwa ya vigae vinavyong'aa, muuzaji akakisukuma kwa kidole kimoja, kikateleza mpaka kwenye kaunta. Nilitoa shilingi 140,000 na kurudi nyumbani nikijiona mjanja.

Siku ya pili nilishuka nacho mlima. Nilikuwa nimefika karibu na kalavati pale gurudumu la mbele lilipoingia kwenye ufa usiozidi upana wa kiganja. Kigari kikasimama ghafla, mimi sikusimama. Kikabinuka mbele. Mkanda ulikuwa wa kiunoni tu, kwa hiyo kiuno cha Amani kilibaki kwenye kiti lakini kifua na kichwa vikaenda. Paji la uso likagonga bomba la mbele. Alinyamaza kwanza, ule unyamavu ambao kila mzazi anaujua, halafu ndipo akalia.

Lilikuwa nundu, basi. Hospitali walimwangalia, wakasema ni nundu. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alipopiga kelele niliinama kumnyanyua, na katikati ya kuinama mgongo ukagoma. Nilibaki pale nimejikunja, mikono imeshamfikia na haiwezi kumtoa. Mama alishuka mbio kutoka getini, akafungua mkanda, akamfunga mgongoni, akaanza kupanda. Hakusema lolote kuhusu toroli. Ningefurahi kama angesema.

Kazi yangu ni kuandika habari, na tabia ya kazi ni kwamba kitu kikikupiga unaanza kukisoma. Nikasoma habari za vigari vya watoto kwa wiki nzima. Kile chepesi kinachokunjwa kama mwavuli kilitokana na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza, ambaye kabla ya hapo alishughulikia magurudumu ya kutulia ya ndege ya kivita ya Spitfire. Mwaka 1965 aliomba hataza ya kigari cha alumini. Ni wazo zuri sana, kwa mtu ambaye nje kwake kuna lami. Mwingine ni Phil Baechler, mwandishi wa habari wa Yakima, katika jimbo la Washington, Marekani. Yeye alitaka kukimbia mazoezi na mwanawe mchanga, na mwaka 1984 akafunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari cha mtoto. Vigari vya magurudumu matatu makubwa vinavyouzwa leo kwa njia mbovu ni uzao wa wazo hilo. Nilimpenda huyu bwana bila kumjua. Mwandishi wa habari kama mimi, mtoto kama wangu. Tofauti ni kwamba yeye alikwenda kwenye njia mbaya kwa hiari.

Lakini elimu iliyonisaidia niliipata mita 200 kutoka nyumbani, kwa fundi baiskeli wa pale njia panda, mzee ambaye kibanda chake nilikuwa nakipita kila siku. Nilimpelekea kile kigari cha kijivu nikitaka anifungie magurudumu makubwa. Akakigeuza miguu juu, akakizungusha gurudumu, akacheka kidogo.

"Mwanangu, hiki nikikifungia gurudumu la baiskeli kitakatika shingo. Bomba lake hili ni la kuanikia nguo."

Halafu akanifundisha. Gurudumu likikutana na jiwe lenye kimo kinachofikia ekseli yake, halipandi hata ukisukuma vipi. Linagonga. La kwangu lilikuwa na kipenyo cha sentimita 13, maana yake jiwe la sentimita sita na nusu ni ukuta, na chini ya hapo bado ni kazi. Nitafute la inchi 12 kwenda juu, hasa ya nyuma. Nitafute tairi la upepo, kwa sababu upepo wenyewe ni shokapu. Lile gumu la sponji halipati pancha, lakini kila jiwe linampigia mtoto kwenye uti wa mgongo. "Wewe unaujua uti wa mgongo," akasema. Na nihakikishe tyubu ni za saizi anazouza yeye, zile za baiskeli ndogo za watoto, na mdomo wa tyubu ni kama wa pikipiki, nisije nikakaa miezi nikisubiri tyubu kutoka ng'ambo.

Nilikaa wiki tatu nikizunguka kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, vile vinavyokuja na makontena. Safari hii nilikwenda na mfuko wa unga wa sembe wa kilo kumi, kwa sababu Amani alikuwa ameshafika hapo. Kila kigari niliomba kukitoa nje. Wauzaji walinishangaa. Nilimpakia "mtoto" wangu wa unga, nikamfunga mikanda, baba Amani akasukuma kwenye kokoto za mbele ya duka, akashusha ukingo, akapandisha.

Cha kwanza kilikuwa na magurudumu manne mapana na kilitulia sana kwenye mbavu za mlima, lakini kilikuwa na kilo 16 na upana wa sentimita 78. Mlango mdogo wa geti letu una 75. Cha pili kilikuwa kizuri kila kitu ila mkanda mmoja wa bega umekatwa na kushonwa kwa uzi wa viatu. Nilikumbuka nundu, nikakirudisha. Cha tatu kilikuwa na matatu: mawili ya nyuma ya inchi 16, la mbele la 12. La mbele linazunguka, lakini kuna pini ya kulifunga liende moja kwa moja, jambo ambalo kwenye makorongo ni lazima, maana gurudumu linalozunguka huru hujigeukia lenyewe na kunasa. Mikanda ilikuwa ya sehemu tano, miwili mabegani, miwili kiunoni, mmoja katikati ya miguu. Kilikuwa na breki ya mguu ya kuegesha na breki ya mkono ya mteremko, kama ya baiskeli, na kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono ili kisikukimbie. Kilo 12. Rangi ilikuwa ya machungwa iliyopauka, ya kuchukiza. Walitaka 450,000, nikatoa 370,000.

Njiani kurudi, kigari kimekunjwa nyuma ya bajaji, tairi moja linatoka nje, nilifanya hesabu. Karibu laki nne, mbali na ile 140,000 iliyopotea. Nimeandika habari nyingi za barabara, za kilomita na mikataba na wakandarasi waliochelewa. Sikuwahi kuandika kwamba barabara isipotengenezwa uzito wake hauishi, kuna mtu anaubeba, na mara nyingi anaubeba kwa kitambaa. Nilichonunua ni kipande cha barabara, cha kwangu peke yangu. Jirani yangu mwenye pacha bado hana.

Kitu ambacho sikukitegemea ni wanaume. Baba Amani, mtu mwema, hakuwahi hata siku moja kufunga mbeleko. Alimpakata mtoto, alimwogesha, lakini mgongoni hapana, na wala hatukuwahi kulizungumza. Kigari kilipofika hakusubiri kuambiwa. Alijaza upepo, akapaka grisi, akapanda nacho mlima jioni ile ile. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakakizunguka. "Mama Amani, hii ina shokapu nyuma tu? Mbele vipi?" Mmoja akaomba kukisukuma. Wote hao walikuwa wamemwona Mama anapanda na kushuka na mtoto kwa miezi. Walimsalimia kwa heshima, shikamoo bibi, na hakuna aliyewahi kusema nilete nikusaidie. Kumbe mzigo ukiwekewa breki na tairi unakuwa kazi ya mwanamume. Nilicheka nao. Nilipofika ndani nilikuwa nimekasirika kidogo.

Nisikidanganye chombo. Miiba ya mchongoma imekitoboa mara mbili. Siku moja nilitundika mfuko wa viazi kwenye hendeli, nikamtoa mtoto, na chote kikaanguka chali, tangu hapo mzigo unakaa kwenye kapu la chini. Nilikuwa pia nafunika kiti kwa kanga juani, mpaka siku nilipoingiza mkono nikakuta joto la tanuri, na sasa natumia kofia yake tu na hewa inapita.

Mama hakukigusa kwa wiki nzima. Halafu asubuhi moja nikakuta ametandika mbeleko yake kwenye kiti, ameikunja mara nne. "Kinamchoma mgongo," akasema, ingawa kiti kina sponji. Akampandisha Amani, akafunga mikanda mmoja mmoja akiuvuta kuhakiki, kama anavyohakiki fundo. "Haya, mume wangu. Umepata toroli."

Alirudi Korogwe mwezi wa pili. Mbeleko aliiacha pale pale kwenye kiti.

Mwezi wa nne mvua ilikata njia pale kwenye kalavati. Nilikuwa natoka kliniki na Amani, maji yamepungua lakini korongo limebaki, hatua mbili kwa upana, kina cha magoti. Hapo hakuna gurudumu la saizi yoyote. Nilisimama na breki nimeshika. Mama mmoja muuza mboga, ambaye tunajuana kwa salamu tu, alitua beseni lake, akaangalia kiti, akaiona mbeleko. Hakuniuliza kwa nini simbebi mwenyewe. Alimtoa Amani, akainama, akamfunga. Vijana wawili wa kijiwe wakakinyanyua kigari juu ya vichwa vyao, wakavuka, wa kwanza akilalamika kwamba ni kizito.

Mimi nilivuka nyuma yao. Nilikuwa nimeshika kadi ya kliniki. Siku hiyo Amani alikuwa amefika kilo kumi na moja na nusu.