Daftari la Kanisa Letu

Mwezi huu tunaandika juu ya daftari la kanisa letu hapa Nyarugusu, lile lililopotea, kwa sababu bado tunalitafuta na wengi mnaosoma ukurasa huu mmo ndani yake.

Wazazi wetu walivuka ziwa mwaka 1996 kutoka Fizi na Uvira. Sisi tulizaliwa hapa, kwa hiyo ya mwanzo tumeyapata kwao. Mchungaji wa kwanza alivuka pamoja nao. Waliabudu chini ya shitingi, na yeye ndiye aliyenunua daftari la jalada gumu akaanza kuandika waliobatizwa, waliooana, waliozaliwa, waliokufa. Safari za kurudi Kongo kwa meli zilipoanza 2005, naye alirudi Baraka. Daftari aliliacha mezani.

Aliyemfuata hakukaa. Halafu mwaka 2009 kambi ya Lugufu ikafungwa, ndugu wa kule wakaletwa kwetu pamoja na mchungaji wao na kwaya yao ya gitaa. Sisi tulikuwa na ngoma. Nyumba moja ya matofali ya udongo, kwaya mbili, nani aanze kuimba? Mlio na kwaya mnajua vita hiyo. Mchungaji aliamua zipokezane, na kuna Jumapili ibada iliisha saa nane, sisi watoto tunalia njaa. Lakini alituunganisha, hilo tunampa.

Ni yeye aliyeondoka na daftari. Kuanzia 2015 familia nyingi za Wakongo ziliitwa kwenda Marekani, na jina lake nalo likatoka ubaoni. Tulimsindikiza kwa nyimbo. Baadaye msichana mmoja alihitaji tarehe ya ubatizo wake kwa ajili ya ndoa, tukafungua kabati, hakuna kitu. Mchungaji alipopigiwa simu alisema alilichukua ili alinakili vizuri, kisha begi likazidi uzito, akapunguza vitabu njiani akamwachia mtu. Mtu gani? Hakumbuki. Tuseme ukweli, tulimkasirikia sana, na wako ambao mpaka leo hawapokei simu yake.

Msichana aliolewa kwa mashahidi. Aliyetuumiza ni mama mmoja wa kwaya ya ngoma. Mtoto wake alifariki akiwa na miezi tu, siku za mwanzo za kambi. Hakuwa na picha yake wala karatasi yoyote.

"Jina lake lilikuwa mule tu," alisema, akakaa chini.

Basi tulianza upya. Sisi tulikuwa sekondari, tunaandika haraka, tukatumwa kukaa na wamama kila Jumamosi. Tuliuliza mwaka, mwaka hawakuujua. Walisema, "Huyu alibatizwa wakati wa mchungaji wa shitingi." "Hapana dada, ni wakati wa yule asiyekaa, mvua ilikuwa imebomoa ukuta." Kumbe wale waliotuacha mmoja mmoja, ambao tulizoea kuwalalamikia, ndio walikuwa kalenda yetu. Tukaandika hivyo hivyo, bila mwaka. Jina la mtoto wa yule mama tuliliweka ukurasa wa kwanza, ingawa zamu yake haikuwa hapo, na hakuna mzee aliyepinga. Daftari jipya analitunza mama huyo. Mchungaji akilihitaji analisomea kwake.

Mchungaji wa nne naye alipata safari. Alimkabidhi kazi kijana mmoja, akagawa kitanda na sufuria, tukamwimbia, tukaandika jina lake kati ya walioondoka. Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, safari yake ikafutwa. Jumapili ile aliingia kimya akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Tulishindwa kumtazama. Yule kijana pale mbele alisahau mahubiri yake.

Wazee walibishana wiki kadhaa. Wengine walisema tumeshamuaga, basi, kanisa halina wachungaji wawili. Wakiwa bado wanabishana, mama wa daftari alimpelekea sufuria yake, maana yeye ndiye aliyekuwa amepewa. Wengine wakaona haya, wakarudisha nao. Kitanda kilirudi kimevunjika mguu mmoja. Sasa mzee anahubiri Jumatano, kijana Jumapili. Si rahisi, na wote wawili wanajua.

Jina lake bado liko kati ya walioondoka. Mama alikataa lisifutwe, ati daftari halikwanguliwi. Tumeandika pembeni: yupo.

Sehemu ya kabla ya 2009 ina mapengo mengi. Kama ulibatizwa au kuoa kwetu miaka hiyo, au mzazi wako anakumbuka nani alisimama naye majini, njooni Jumamosi baada ya ibada ya wamama. Na kama kuna aliyepewa na mchungaji msafiri vitabu ndani ya mfuko, afungue aangalie. Hatutamwuliza lolote.