WAYA JUU YA RELI: UMEME KATI YA LUBUMBASHI NA KOLWEZI

Kuko miji mingi duniani ambako bisi zinatembea kwa nguvu ya umeme. Juu ya barabara kuna waya mbili, na juu ya bisi kuna fimbo mbili ndefu zinazogusa zile waya. Bisi za namna hiyo zinaitwa trolibasi. Sasa vijana watauliza: je, muji wetu wa Lubumbashi ulipata kuwa nazo? Hapana. Lakini inua macho yako kule stesheni, utaona waya juu ya reli. Historia yetu ya kusafiri kwa umeme iko pale.

Kwa nini trolibasi inataka waya mbili na treni moja tu? Umeme ukiingia kwenye mashini, ni lazima upate njia ya kurudi. Mipira ya bisi haipitishi umeme, basi unarudi kwa waya ya pili. Treni inakanyaga chuma, na umeme unarudi kwa reli zenyewe.

Makaa ya mbali, maji ya karibu

Reli ilifika hapa mwaka wa 1910, ikitokea kusini, na muji ukazaliwa mwaka uleule kwa jina la Élisabethville. Mwaka wa 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa. Njia ikaendelea mpaka Bukama mwaka wa 1918, na mpaka muto Kasai, kule Ilebo, mwaka wa 1928. Kampani ya reli iliitwa BCK.

Mashini za wakati ule zilikula moto kweli kweli. Makaa mazuri yalitoka mbali, kule Wankie katika Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Yale ya kwetu ya Luena hayakuwa na nguvu sawa. Lakini maji hayakukosa. Muto Lufira ulianza kutoa umeme kule Mwadingusha mwaka wa 1930, kwa ajili ya viwanda vya Union Minière. Mwaka wa 1952 muto Lualaba nao ulifungwa kule Nzilo. Wakubwa wa reli wakafanya hesabu: sababu gani kununua makaa ya wageni, na mito inaanguka bure karibu na nyumba?

Kazi ya mwaka 1952

Basi mwaka wa 1952 treni za umeme zikaanza kati ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Tenke. Na hapa kuna jambo la kushangaza. Katika inchi nyingi za Ulaya, umeme wa treni ulikuwa wa namna yake peke yake, na ilibidi kujenga nyumba nyingi za mashini za kuugeuza. Katanga ilichukua umeme uleule wa viwanda, wenye mapigo 50 kwa sekunde, na kuupeleka kwenye waya kwa nguvu kubwa. Njia yetu ilikuwa kati ya zile za kwanza kabisa duniani kufanya hivyo katika kazi ya kila siku. Njia kubwa ya Wafaransa kati ya Valenciennes na Thionville ilifuata mwaka wa 1954.

Kipande kwa kipande, waya zilifika Lubumbashi upande huu, na Kolwezi na Kamina upande ule. Hesabu ya njia zenye waya ilifika kilometa 858. BCK ikageuka KDL, halafu SNCZ mwaka wa 1974, na leo ni SNCC.

Mutu akitoka Lubumbashi kwa njia hiyo, anapita Likasi na kufika Tenke, mahali reli inagawanyika. Mukono mumoja unaenda Kolwezi, Dilolo na bandari ya Lobito katika Angola. Mwingine unapanda Bukama na Kamina, kuelekea Kasai.

Kinshasa walijaribu nini?

Wandugu wa Kinshasa nao walipata bisi za umeme, lakini bila waya. Mwaka wa 1955, wakati muji uliitwa Léopoldville, walileta bisi 12 zilizotengenezwa na kampani ya Oerlikon ya Uswisi. Ndani ya kila moja kulikuwa gurudumu la chuma lenye uzito wa tani moja na nusu hivi. Kwenye kituo, bisi iliinua fimbo tatu, ikanywa umeme dakika chache, na gurudumu likazunguka mbio sana. Halafu mbio ile ilisukuma bisi mpaka kituo kingine. Ilikuwa akili nzuri. Lakini barabara mbaya na uzito ule vilichosha vyuma, na mwaka wa 1959 bisi zile ziliachwa.

Waya ni ya nani?

Baba na mama, tuseme ukweli. Waya zetu hazikutundikwa kwa ajili ya mama mwenye kapo la unga, wala mwanafunzi anayerudi kwao. Zilitundikwa kwa ajili ya shaba. Mutu alipata nafasi nyuma ya mizigo.

Na mpaka leo jambo hili linaua. Mwezi wa tatu mwaka wa 2022, treni ya mizigo ilianguka kule Buyofwe, katika Lualaba. Zaidi ya watu 60 walikufa. Hawakuwa na tikiti, kwani ile haikuwa treni ya watu. Walipanda juu ya mizigo sababu walihitaji kusafiri na njia nyingine ilikuwa ngumu. Tusiwahukumu haraka. Tuulize kwanza: katika inchi yenye Lufira na Lualaba, mbona mutu maskini anasafiri kama gunia?

Kuko pia sehemu yetu. Mutu akikata waya usiku ili auze shaba yake kwa kilo, anapata pesa ya siku mbili, na kijiji kizima kinakosa treni. Kijana, ukiambiwa ujiunge na kazi hiyo, kataa. Na wewe mzazi, mutoto akileta pesa nyumbani, muulize imetoka wapi mbele ya kuipokea.

Wakubwa wa reli wana deni kwetu: treni ya watu, yenye viti na saa inayojulikana. Sisi nasi tuna deni: kulinda waya, ili siku treni hiyo itakapokuja ikute njia.