Njuga za Radha

Ngoma huzaliwa na kufa papo hapo uwanjani. Kwa sababu hiyo, dakika chache zilizomo katika The River, filamu ya Mfaransa Jean Renoir iliyotolewa mwaka 1951, pengine zina thamani kuliko filamu yenyewe, hata kama kauli hii itawaudhi wapenzi wa Renoir.

Filamu hiyo ya rangi ilipigwa Bengal, nchini India. Msichana wa Kiingereza, Harriet, anasimulia kisa cha arusi ya kijijini, na ndani ya kisa hicho bibi arusi anageuka Radha, kipenzi cha mungu Krishna. Anayecheza hapo si mwigizaji wa kukodiwa. Ni Radha Sri Ram, aliyekuja kuitwa Radha Burnier, mwanafunzi wa Kalakshetra, chuo kilichoasisiwa mjini Madras mwaka 1936 na shangazi yake, Rukmini Devi. Magoti yamekunjwa na kuelekezwa nje, nyayo zinapiga sakafu, njuga zinaitikia. Mkono unatangulia, jicho linaufuata. Mtazamaji asiyejua hata ishara moja ya vidole vile hutambua kwamba anasemeshwa.

Hata hivyo, ni nani hasa aliyehifadhiwa? Bharatanatyam ilitokana na sadir, ngoma ya wanawake walioitwa devadasi, waliowekwa wakfu kwa miungu ya mahekalu ya India Kusini. Mwaka 1947 sheria ya Madras ilipiga marufuku desturi hiyo pamoja na kucheza kwao hekaluni. Rukmini Devi, aliyetoka katika tabaka la Brahmani, alikuwa amekwisha kuipokea ngoma yao na kuipunguza ashiki ili ikubalike jukwaani. Basi kamera ya mgeni ilipofika, ilimkuta mrithi wa pili. Balasaraswati, mzawa wa ukoo wa devadasi, hakukubali mageuzi hayo. Kwake yeye, ashiki ndiyo iliyokuwa roho ya ngoma.

Miongoni mwa waliomsaidia Renoir kutafuta mandhari huko Bengal alikuwamo kijana Satyajit Ray. Ni Ray huyo huyo aliyetengeneza filamu ya Bala, iliyotolewa mwaka 1976, kuhusu Balasaraswati. Wakati huo bibi huyo alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, na mwili wake umekwisha kuwa mzito. Alicheza ufukweni, upepo ukimpepea vazi.