Karatasi Ukutani
Dada yangu alirudi kutoka Mbale na mtoto wa miezi mitano, mrija chini ya ngozi ukishusha maji ya kichwani hadi tumboni, na karatasi moja ya Kiingereza. Kule hospitali ya CURE, inayotibu watoto wenye kichwa maji, nesi alikuwa hatua chache. Basi lilipita Nimule, likamshusha Juba usiku. Hapa Malakia nesi ni nani?

Majirani walileta sukari, sabuni na pole nyingi. Shukrani kwao. Lakini dada hakulala siku tatu, eti akifumba macho mtoto atazidiwa.

Mimi nilisomea Kakuma, basi nikageuza ile karatasi kwa Kiswahili na Kiarabu cha Juba: akitapika ovyo, homa, utosi ukivimba, macho yakiangalia chini, usingizi usioisha, usingoje asubuhi. Nikaibandika ukutani. Jirani yetu muuza chai hasomi. Nikamshika mkono, nikauweka utosini, ajue ulivyo laini mtoto akiwa mzima.

Wiki ya pili zamu ilikuwa yake. Dada amelala fofofo. Saa nane usiku mama wa chai akaniamsha: "Mwanangu, hapa pamekaza."

Alfajiri tulikuwa kwa daktari. Tuliwahi.

Kwa hiyo ukienda kumwona mama kama huyu, beba sukari, sawa. Halafu kaa, mkono wako ujifunze, umwambie yeye alale.