Kwa Baiskeli Hadi Kaburini: Ziara Yetu ya Uholanzi

Robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Aliyezaliwa Lamu, akazoea kuteremka ngazi ili aingie chomboni, hustaajabu kusimama barabarani akaona mashua inapita juu ya kichwa chake, ndani ya mfereji uliozuiwa kwa matuta ya udongo huku na huku. Hayo tuliyaona Juni iliyopita karibu na mji wa Leiden, tulikokwenda kumzuru binti yetu, mumewe na wajukuu wetu wawili. Tulikuwa na ziara ya pili pia. Kaka yetu mkubwa alizikwa Den Haag mwaka 2008, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kusimama kwenye kaburi lake.

Kutoka Leiden hadi Den Haag treni huchukua chini ya nusu saa. Binti yetu alitushauri tupite njia ya pwani kwa baiskeli, kilomita zipatazo 25, akatuazimia baiskeli ya viti viwili. Mji wetu, kama wasomaji wajuavyo, ni mji wa miguu na punda. Mmoja wetu aliwahi kuendesha baiskeli Mombasa katika ujana wake. Mwingine hakuwahi kuipanda maishani. Katika baiskeli ya namna hii wa mbele ndiye ashikaye usukani, na wa nyuma hana kazi ila kukanyaga na kuamini. Haoni njia, huona mgongo wa mwenziwe tu, na miaka 38 ya ndoa haikutosha kumzoesha hali hiyo. Tulihofia pia buibui, bure. Baiskeli za Waholanzi hufunikwa cheni yote, na gurudumu la nyuma huwekewa kinga ili nguo isinaswe. Mtu hupanda na vazi lake la kila siku akaenda kazini.

Usidhani kwamba watu hawa walizaliwa na njia zao nyekundu za baiskeli. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai watoto wao wasiuawe, na serikali ikalazimika kusikiliza. Mjukuu wetu ana miaka minane na huenda shule peke yake kwa baiskeli. Tulimsindikiza kwa miguu siku ya kwanza, akatuomba kwa adabu tusirudie. Nasi tukawakumbuka watoto wa huku kwetu bara, wanaovuka barabara kuu mbio mbio wameshikana mikono.

Baada ya Wassenaar njia iliingia kwenye milima ya mchanga iitwayo Meijendel, na hapo tukashuka, tukawa twaisukuma baiskeli na kutembea. Ilikuwa kama tumefika Shela. Mfano haukuwa wa sura peke yake, kwani kama vile Lamu inywavyo maji yaliyohifadhiwa chini ya mchanga wa Shela, Den Haag nayo imekuwa ikinywa maji ya mchanga huu tangu mwaka 1874. Mji ulipokua na maji yakapungua, hawakungoja visima viingie chumvi. Sasa huleta maji ya mto kwa mabomba kutoka mbali, wakayamwaga katika madimbwi humo milimani, nayo huchujwa na mchanga kwa muda wa takriban miezi miwili kabla ya kutekwa. Kujenga nyumba hapo ni marufuku. Wazee wetu waliopigania mchanga wa Shela usijengwe wangalifurahi kuyaona hayo.

Adhuhuri tuliisali kando ya njia. Kwetu Lamu kibla ni kaskazini. Huko ni kusini-mashariki. Hatukuwa na haraka, kwani mwezi Juni jua la huko huchwa karibu saa nne za usiku, na Isha humkuta mtu amekwisha kusinzia.

Makaburini alitupokea mjane wa kaka pamoja na mwanawe mkubwa. Sehemu ya Waislamu hutambulikana kwa mbali, kwa kuwa safu zake zimekaa mshazari, hazifuati safu nyingine, ili maiti wakielekee kibla. Tulimsomea Yasini, tukakaa kimya kitambo. Shemeji alitusimulia jinsi alivyozikwa siku ya tatu. Sheria ya nchi hutaka saa 36 zipite baada ya mauti, na ruhusa ya kuzika mapema hupatikana kwa anayejua pa kuiomba. Wao siku ile hawakujua.

Ndipo tulipoelezwa jambo ambalo hatukulijua hata sisi. Kaburi lile limekodiwa. Haki yake ni ya miaka 20, huandikwa kwa jina la mtu mmoja, na isipolipiwa tena kaburi laweza kuondolewa. Miaka hiyo inakwisha 2028. Kijana anahamia Uingereza kikazi, na mama yake umri umekwenda. Tulizungumza pale pale, tumeketi kwenye benchi. Kumfukua na kumrejesha Lamu tulikukataa sote. Maulamaa wetu hawapendi maiti asumbuliwe pasipo dharura. Mmoja wetu alikumbusha kwamba hata kwetu kaburi la kale huzikiwa tena. Ni kweli, lakini huwa baada ya aliyemo kuwa udongo, si baada ya kalenda kukatika, na katika ardhi ile ya baridi mifupa hukaa sana.

Binti yetu, aliyefuata kwa treni pamoja na watoto, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema haki iandikwe kwa jina lake. Ami yake huyo alimwona mara mbili tu maishani. Sisi tutachangia ada kila mwaka kutoka Lamu, na kijana kutoka Uingereza. Jumatatu iliyofuata walikwenda ofisini wakatia saini. Jioni ile mjukuu wetu mdogo alitaka kujua kwa nini babu yake huyo amelala ubavu, tukamweleza, naye akatuonyesha kwa kidole upande aliodhani ndiko Makka iliko. Alikosea kidogo tu.