Ubeti Juu ya Kioo cha Simu

Mashairi yetu yalivaa mavazi mengi kabla ya kufika katika mtandao. Yalikaririwa bila karatasi, yakaandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakapigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Mwandishi na mpiga chapa waliujua upana wa karatasi yao kabla ya kuanza kazi. Mwenye kuweka ubeti katika tovuti hana bahati hiyo. Hajui kama msomaji atautazama katika kioo kipana cha kompyuta au katika simu ya kiganjani. Wala hajui kama macho yatakayousoma ni ya kijana au ya mzee. Yeye hupeleka maneno pamoja na maagizo, na karatasi hukatwa huko yanakofikia.

Maagizo hayo ndiyo CSS. Håkon Wium Lie aliyapendekeza tarehe 10 Oktoba 1994 alipokuwa CERN, Geneva. Bert Bos akashirikiana naye, na daraja la kwanza likathibitishwa Desemba 1996. Shabaha yake ni kuyatenga maneno na sura yao. Maneno hukaa katika HTML, ambamo husemwa tu kwamba hiki ni kichwa na hii ni aya. Rangi, ukubwa na nafasi huandikwa kando, katika waraka wa mitindo. Jambo hili laonekana dogo, lakini kwa miaka mingi watengenezaji wa kurasa walipanga kila kitu ndani ya majedwali, hata wakatumia picha zisizoonekana, za ukubwa wa pikseli moja, kuyasukuma maneno pembeni. Gridi, ambayo ndiyo nitakayoisifu hapa, iliingia katika Chrome, Firefox na Safari mwezi wa Machi 2017.

Nilianza kulipa jambo hili uzito siku mwanafunzi mmoja aliponiuliza kwa nini mtunzi fulani, anayesifiwa kwa ustadi wa arudhi, alitunga ubeti wenye mishororo saba, mingine ikiwa na neno moja tu. Alikuwa ameusoma katika simu yake. Mtunzi hakuwa na hatia. Ubeti ulikuwa wa tarbia, mishororo 4 ya mizani 16. Kioo kiliikata mitatu kati yake pale nafasi ilipokwisha, na wa nne ukasalimika. Kijana yule alikuwa tayari kuandika katika insha yake kwamba hapo mtunzi alianza kuasi kanuni. Huo ungekuwa ushahidi wa uongo juu ya marehemu, nao ungetolewa kwa nia njema kabisa.

Hesabu yake si ngumu. Silabi nyingi za Kiswahili zina herufi mbili, chache tatu au zaidi. Basi kipande cha mizani 8 huchukua kadiri ya herufi 20 pamoja na nafasi za katikati, na mshororo mzima kadiri ya 40. Simu yenye upana wa pikseli 360, yenye herufi za pikseli 16, ukiondoa pambizo, hubeba herufi kama hizo 40. Mshororo wetu wafika ukingoni hasa, na neno moja refu humwaga kibaba. Kwa upande mwingine, kipande kimoja chaenea kwa raha. Wako wanaopunguza herufi mpaka mshororo uingie. Hao huuokoa mshororo na kumpoteza msomaji. Njia iliyo bora ni kukiambia kivinjari mahali ambapo ushairi wenyewe unakubali kukunjwa.

Basi kila mshororo nauweka katika alama moja, na ndani yake ukwapi na utao, kila kipande na alama yake. Katika waraka wa mitindo naagiza mshororo uwe gridi ya safu moja: utao hukaa chini ya ukwapi, umesogezwa ndani kwa 1.5rem ili jicho litambue kuwa ni mshororo ule ule. Kisha nasema: upana ukifika 30em, ziwe safu mbili zilizo sawa, na kule kusogezwa kuondolewe. Kipimo hicho ni em kwa makusudi, kwa kuwa katika sharti la namna hii em hufuata ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji katika kivinjari chake. Mzee mwenye dirisha la pikseli 800, aliyekuza herufi kutoka pikseli 16 hadi 32, atapewa ubeti uliokunjwa, kwani 30em kwake ni pikseli 960. Pikseli tupu isingelimjali.

Nimeona pia kurasa ambazo vipande vyote vya ukwapi vimeandikwa kwanza katika safu yao, na vya utao katika safu ya pili. Kwa macho hazina kasoro. Lakini asiyeona husomewa na programu ya sauti, nayo hufuata mpangilio wa HTML. Atasikia ukwapi nne mfululizo, kisha utao nne. Sijui jina jingine la tendo hilo ila kuua shairi.

Raha kubwa niliipata katika ubeti ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Badala ya margin-left, ambayo ni pambizo ya kushoto, naandika margin-inline-start, yaani pambizo ya upande maandishi yanakoanzia. Alama ya dir="rtl" ikitiwa katika HTML, gridi yenyewe hugeuka: ukwapi hukaa kulia, utao kushoto. Waraka mmoja wa mitindo wahudumia maandishi yote mawili bila kuongezwa neno.

CSS yaweza pia kuhesabu beti na kuziandikia nambari. Mimi sikubali. Nambari ya ubeti ni sehemu ya ushahidi wa mwanachuoni, na mtandao ukiwa dhaifu waraka wa mitindo waweza usifike. Hapo nambari zingetoweka pamoja nao. Kwa hiyo naiandika katika HTML. Mkato baina ya vipande nao nauacha, ijapokuwa gridi haiuhitaji, maana ukiondoa mitindo yote mshororo utasomeka kama ulivyozoeleka vitabuni.

Imebaki karatasi yenyewe, kwa kuwa wanafunzi wengi bado huchapa mashairi ili wayatie alama kwa kalamu. Hapo agizo moja latosha, break-inside: avoid, likiwekwa juu ya kila ubeti, nalo huukinga usikatwe baina ya kurasa mbili.