Kabla ya kulipia baiskeli ya shule, mpime mtoto mguu

Msimu wa pamba ukishapita Kishapu na Maswa, baiskeli mpya huanza kuonekana barabarani, mabomba yake yakiwa bado yamezungushiwa karatasi za dukani. Nyingi ni zile nyeusi, nzito, zisizo na gia za kubadilisha: Phoenix ya China, Avon na Hero za India. Baba huinunua kwa ajili ya mizigo na safari za mnadani. Januari ikifika, mtoto anaanza kidato cha kwanza kwenye shule ya kata iliyo mbali na nyumbani, na baiskeli ileile anakabidhiwa yeye.

Baada ya wiki chache mtoto analalamika goti. Nyumbani wanamwambia ni uvivu, au ni mwili unakua. Mara nyingi hakuna anayeiangalia baiskeli.

Kosa huanzia dukani, kwenye namba. Muuzaji akisema "hii ni namba 28", anazungumzia gurudumu, yaani inchi 28. Hajasema chochote kuhusu fremu. Fremu hupimwa kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli hadi mwisho wa bomba linaloshika kiti, na kwa baiskeli hizi huwa inchi 22 au 24. Ni saizi za mtu mzima, tena mrefu. Bomba la juu la fremu hizo hufika zaidi ya sentimita 80 kutoka ardhini. Mtoto mwenye urefu wa sentimita 150 ana mguu wa ndani wa karibu sentimita 70. Hesabu hiyo haihitaji daktari.

Ndiyo maana watoto wengi wa vijijini hujifunza kuendesha kwa kupitisha mguu mmoja chini ya bomba, mwili ukiwa umepinda upande mmoja. Kwa kwenda kisimani mara moja, inachekesha na inapita. Kwa kilomita saba asubuhi na saba jioni, siku tano kwa wiki, mgongo na nyonga vinafanya kazi vikiwa vimepinda. Zaidi ya hayo, mtoto asiyeweza kukanyaga chini hawezi kusimama ghafla lori linapompita.

Kumpima ni rahisi. Asimame bila viatu, mgongo ukutani, ashike kauntabuku katikati ya mapaja na kulivuta juu mpaka liguse mwili, kama anavyogusa kiti. Pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka sakafuni hadi juu ya kauntabuku. Dukani, pima bomba la juu la baiskeli vilevile. Mguu uzidi bomba kwa vidole viwili au vitatu. Usipozidi, hiyo si baiskeli yake, hata kama bei imeshuka.

"Huyu atakua tu, mama. Chukua kubwa, itamfikisha kidato cha sita," muuzaji atasema.

"Atakua, baba, lakini shule inafunguliwa Jumatatu."

Wengi hukimbilia baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, na hilo linasaidia kupanda na kushuka, hasa kwa msichana mwenye sketi ya shule. Lakini kama fremu yake nayo ni inchi 22, kiti bado kinaweza kuwa juu mno hata kikishushwa hadi mwisho. Kwa mtoto wa miaka 13 au 14, zile za mtumba zenye magurudumu ya inchi 26, au hata 24, mara nyingi zinafaa kuliko mpya ya kung'aa. Wazazi wengine huona aibu kununua ndogo, na aibu hiyo haina msingi.

Kiti nacho kina kipimo chake. Mtoto akae, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Akirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kiti kikiwa chini sana, goti linakunjwa kupita kiasi na maumivu huja mbele, kwenye pia ya goti. Kikiwa juu sana, nyonga zinayumba kila anapokanyaga.

Kisha kuna gia, na hapa Shinyanga na Geita haziko sawa. Baiskeli isiyobadilisha gia ina uamuzi mmoja tu, uliofanywa kiwandani: idadi ya meno mbele kwenye pedeli, na idadi ya meno nyuma kwenye friwili. Yahesabu, ugawe ya mbele kwa ya nyuma. Meno 44 kwa 18 ni kama 2.4, na kwa gurudumu la inchi 28, mzunguko mmoja wa pedeli unasogeza baiskeli karibu mita 5.4. Kwenye tambarare ya Shinyanga, njia ikiwa kavu, hiyo inakwenda vizuri. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa mbuga, mambo hubadilika.

Ipeleke baiskeli hiyohiyo kwenye vilima vya Geita. Familia nyingi zimehama kutoka Usukuma kufuata dhahabu, na baiskeli imehama nazo. Kule inabeba madumu ya maji na viroba vya mawe ya kupeleka kwenye karasha, na jioni mtoto aliyetoka shule hutumwa nayo. Mlimani, gia nzito humlazimisha asimame juu ya pedeli na kusukuma kwa goti moja baada ya jingine.

Dawa yake ni friwili yenye meno mengi zaidi. Ukiweka ya 22 nyuma kwa 44 mbele, unapata 2 kamili, karibu mita 4.4 kwa mzunguko. Tambarare ataachwa nyuma na wenzake, kweli, lakini mlimani atapanda akiwa amekaa. Fundi wa chini ya mti anaweza kuibadilisha, na ni nafuu kuliko kununua baiskeli nyingine. Muulize kama cheni itahitaji kuongezwa pingili. Kabla hajaondoka ajaribu breki pia, kwa sababu kila mlima una mteremko wake.

Mtoto wa umri huu hurefuka haraka, hivyo kiti kipimwe upya kila muhula unapofunguliwa. Kinapoinuliwa, bomba lake libaki ndani ya fremu angalau urefu wa vidole vinne, lisije likachomoka njiani.